Mji Uliobaki na Jina Lake

Mzee aliyezaliwa Goma mwaka 1945, ikiwa Mungu amemjalia uhai hadi leo, ameishi chini ya majina mengi bila kuhama nyumba. Alizaliwa katika Kongo ya Ubelgiji, akabalehe katika Jamhuri ya Kongo, akalea watoto katika Zaire, na sasa anazeekea katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mji mkuu aliofundishwa shuleni uliitwa Léopoldville. Wajukuu wake wanaujua kuwa Kinshasa. Jimbo lake liliitwa Costermansville, likawa Kivu mwaka 1947, likagawanywa mwaka 1962, likaunganishwa tena mwaka 1966, kisha mwaka 1988 likakatwa vipande vitatu: Maniema, Kivu Kusini na Kivu Kaskazini. Pesa mfukoni mwake zimekuwa faranga, zikawa zaire, zikawa zaire mpya, zikarudi kuwa faranga. Msitu anaouona kaskazini ya mji ulikuwa Mbuga ya Albert, na tangu mwaka 1969 ni Mbuga ya Virunga. Ng'ambo ya mpaka, ndugu zake waliishi Kisenyi ya ramani za Wajerumani, ikaandikwa Gisenyi, na tangu mwaka 2006 wilaya hiyo inaitwa Rubavu. Hata jina lake mwenyewe halikusalimika. Kama padri alimbatiza Joseph, mwaka 1972 serikali ilimwamuru aliweke kando na ajitafutie jina la mababu.

Katika yote hayo, mahali alipozaliwa pamebaki kuitwa Goma. Nchi, jimbo, mji mkuu, mbuga, pesa na cheti cha kuzaliwa vimebadilishwa, baadhi yake zaidi ya mara moja, lakini jina la mji wake halikuguswa. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na naliona lina funzo juu ya namna mamlaka inavyotembea katika ardhi yetu: wapi inatia mhuri wake, wapi inapita bila kutazama, na nani anabaki na kazi ya kukumbuka.

Tuanze na ziwa. Gustav Adolf von Götzen, afisa wa Kijerumani ambaye baadaye alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita vya Maji Maji, alipita Rwanda mwaka 1894, akapanda mlima Nyiragongo na kushuka hadi Ziwa Kivu. Kufikia hapo, maziwa makubwa kadhaa ya kanda hii yalikuwa yameshapachikwa majina ya ukoo wa kifalme wa Uingereza. Speke alikuwa ameandika Victoria mwaka 1858, Baker akaandika Albert mwaka 1864, Stanley akaongeza Edward mwaka 1889. Kivu ilifikiwa na Wazungu kwa kuchelewa, nayo ikaendelea kuitwa kama walivyoiita watu wa kando yake. Baada ya hapo Wajerumani na Wabelgiji waligombea fukwe zake kwa miaka, hadi walipokubaliana mjini Brussels mwaka 1910 mpaka upite wapi. Upande wa mashariki Wajerumani walikuwa na kituo chao Gisenyi. Upande wa magharibi, katika ardhi ya Wakumu, Wabelgiji waliweka kituo chao kuwatazama. Hicho ndicho kituo kilichokuja kuwa Goma.

Kilikuwa kituo cha mpakani tu, chini ya volkano, juu ya mawe meusi ambayo jembe haliingii kwa urahisi. Heshima kubwa zilipelekwa kwingine. Bukavu, kusini mwa ziwa, ilipewa jina la Paul Costermans, makamu wa gavana mkuu, ikaitwa Costermansville hadi miaka ya 1950. Kisangani ikawa Stanleyville. Lubumbashi ikawa Elisabethville, kwa jina la malkia. Kalemie, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ikawa Albertville, kwa jina la mfalme. Mbuga ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza katika bara lote la Afrika, ikapewa jina la mfalme huyohuyo, ingawa lango lake liko jirani kabisa na Goma. Goma yenyewe haikupewa mtu. Hakuna aliyeona fahari ya kumtunuku bwana wake kituo kilichojaa mawe ya volkano. Mji ulidharauliwa, na dharau hiyo ikalilinda jina lake.

Uhuru ulipokuja, wimbi la kubadili majina lilianzia penye majina ya wafalme. Mwaka 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Elisabethville ikawa Lubumbashi. Sioni haja ya kulionea haya tendo hilo. Leopold wa Pili aliifanya Kongo shamba lake binafsi, watu wakafa kwa mamilioni kwa kazi ya mpira, njaa na maradhi. Haikuwa haki mtoto wa Mkongo aandike jina la mtu huyo kila anapoandika anwani ya nyumbani. Miji ya mwambao wa Afrika nayo ilifanya vivyo hivyo. Porto Amélia, makao makuu ya Cabo Delgado kwenye Bahari ya Hindi, ilibeba jina la malkia wa Ureno. Msumbiji ilipopata uhuru ikaitwa Pemba. Lourenço Marques ikawa Maputo mwaka 1976. Kumwondoa mtawala wa kigeni kwenye mlango wa nyumba yako ni haki ya mwenye nyumba.

Lakini tazama kilichofuata. Oktoba 1971 Mobutu aliigeuza Kongo kuwa Zaire, na mwaka uliofuata akawaamuru raia waache majina ya Kizungu. Yeye mwenyewe, aliyekuwa Joseph-Désiré, akajipa jina refu la Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Kisha lile ziwa ambalo Baker alilipa jina la mume wa malkia wa Uingereza likapewa jina la Mobutu. Idi Amin wa Uganda, jirani yake, naye akaliita Ziwa Edward kwa jina lake. Maziwa mawili yakatolewa mikononi mwa wafalme na kukabidhiwa kwa majenerali. Wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward, waliendelea kutupa nyavu palepale. Amin alipoanguka mwaka 1979, na Mobutu alipoanguka mwaka 1997, majina yao yalianguka pamoja nao. Leo ramani zinaonyesha tena Edward na Albert, kana kwamba majenerali wale hawakupita.

Mobutu aliipenda Goma. Alijijengea makazi kando ya ziwa, akaja kupumzika na kupokea wageni. Hata hivyo hakuibadili jina, kwa kuwa hapakuwa na jina la mfalme la kufuta. Alichofanya ni kuipandisha cheo. Kivu ilipogawanywa mwaka 1988, Goma ikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini. Tangu hapo imekuwa mji mkuu wa jimbo kwenye ufuko, kama zilivyo Bukavu na Kalemie, yenye bandari, uwanja wa ndege, na vituo viwili vya mpakani ambavyo kila mtu anaviita Grande Barrière na Petite Barrière.

Miaka sita baada ya kupata cheo hicho, jina la Goma lilibadilishwa kwa njia ambayo haikuhitaji sheria. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda, wengi wao Wahutu, na miongoni mwao wapo waliotenda mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, walivuka mpaka. Katika siku chache takriban watu milioni moja walikuwa wamelala juu ya mawe ya lava kuanzia Mugunga hadi Kibumba. Maji yalikosekana, kipindupindu kikaingia, na makumi ya maelfu wakafa. Kwa dunia nzima, iliyokuwa haijawahi kuusikia mji huu, Goma ikawa neno la kutajia maafa. Mugunga, ambayo leo ni mojawapo ya kata za mji wetu, ambako watu wana nyumba, shule na makanisa, katika magazeti ya kigeni ilibaki kuwa kambi.

Agosti 1998 uasi wa kundi la RCD ulizinduliwa hapa. Ulipomeguka, sehemu moja ikajulikana kama RCD-Goma ili kuitofautisha na nyingine. Jina la mji likaunganishwa kwa kistari na jina la jeshi. Wakazi hawakuulizwa. Hadi serikali ya mpito ilipoundwa mwaka 2003, mtu wa Kinshasa, wa Kananga au wa Mbandaka aliposikia Goma katika taarifa ya habari alikuwa akisikia habari za waasi. Mwanafunzi aliyetoka Goma kwenda kusoma magharibi mwa nchi alijieleza kwanza kabla hajasalimiwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jina linaweza kubadilishwa bila kufutwa hata herufi moja. Linabebeshwa mzigo, na mzigo huo unakuja kuonekana kuwa ndiyo maana yake.

Baada ya RCD, vita vyetu vilianza kuitwa kwa tarehe. Makubaliano yaliyotiwa sahihi hapa Goma tarehe 23 Machi 2009 kati ya serikali na waasi wa CNDP ndiyo yaliyoipa M23 jina lake mwaka 2012, kundi hilo likidai kwamba yalivunjwa. Tarehe 20 Novemba 2012 M23 iliingia mjini na kukaa siku kumi na moja. Mwishoni mwa Januari 2025 iliingia tena, safari hii ikiwa ndani ya muungano wa AFC. Kila utawala uliokuja ulikuja na gavana wake, meya wake na mhuri wake. Neno Goma kwenye mhuri lilikuwa lilelile.

Kuna mtawala mwingine ambaye hana mhuri. Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, uko umbali wa chini ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji. Mwaka 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni lilimwagika kwa muda usiozidi saa moja, na lava ikakimbia kwa kasi ambayo mtu kwa miguu hawezi kuishinda. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilitoka katika nyufa za upande wa kusini, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapasua Murara, Virunga na Les Volcans, ikaingia ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea. Watu wapatao 400,000 walikimbia, wengi wakaelekea Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 ulilipuka tena, lava ikasimama Buhene, kwenye ukingo wa kaskazini wa mji.

Mwaka 2002 wengi walirudi baada ya siku chache, lava ikiwa bado ya moto chini ya viatu. Hapakuwa na barabara, hapakuwa na uzio, hapakuwa na mti wa kuwaonyesha mpaka wa parseli. Walipima kwa kukumbuka: hapa ilikuwa nyumba ya fulani, hapa kona ya avenyu, hapa duka, basi kwangu ni pale. Leo ukipita Birere utaona kuta nyeusi zilizojengwa kwa mawe hayohayo, yakapasuliwa kwa nyundo na kupangwa moja moja hadi yakawa uzio, msingi na ngazi. Avenyu iliyozikwa iko mita kadhaa chini. Avenyu inayotumika imepita juu yake na kubaki na jina lake. Serikali haikuwa na ramani ya kuwapa. Jina la mahali lilihifadhiwa katika vichwa vya majirani, likarudishwa juu ya ardhi mpya kwa kuambiana.

Kazi hiyo inaendelea kila siku bila sherehe. Panda pikipiki karibu na Petite Barrière asubuhi, wakati akina mama wanavuka na vikapu vya nyanya na kabichi. Motari hatakuuliza namba ya nyumba. Atakuuliza: ni Signers, ni Instigo, ni Entrée Président, ni Majengo, ni Ndosho Terminus? Utataja mahali, atapiga teke, na njiani mtapishana na kijana aliyepiga goti moja juu ya chukudu yake ya mbao, mguu mwingine ukisukuma ardhi, madumu ya njano yamefungwa mbele kwa mpira. Naye ukimsimamisha atakuelekeza kwa majina hayohayo. Mengi kati ya hayo hayakuwekwa na kikao chochote. Yametokana na duka lililokuwepo, jengo lililosimama pale, gari lililokuwa linageuzia hapo. Duka linaweza kufungwa na jengo kubomolewa. Jina linabaki kwa sababu watu elfu moja wamelitumia leo, na kesho watalitumia tena.

Ukitazama kata 18 za mji huu katika mitaa yake miwili, Goma na Karisimbi, hutakuta jina la mfalme wala la rais. Utakuta milima: Mikeno, Virunga, Les Volcans. Utakuta majina ya wenyeji wa ardhi hii: Himbi, Katindo, Keshero, Ndosho, Bujovu, Kahembe. Utakuta Mapendo. Utakuta Majengo, jina ambalo mtu wa Mombasa, wa Moshi au wa Nairobi atalitambua mara moja, maana miji mingi ya Waswahili ina Majengo yake, mtaa wa watu waliokuja kutafuta maisha wakajenga wenyewe. Ramani hii ni kitambulisho cha kweli kuliko chochote kilichowahi kutolewa na ofisi. Inasema kwamba watu walikuja kutoka Masisi, Rutshuru, Beni, Bukavu, Rwanda na mbali zaidi, wakakubaliana namna ya kupaita mahali, na makubaliano hayo yamevumilia kuliko mikataba yote iliyotiwa sahihi katika hoteli za kando ya ziwa.

Ningeweza kuishia hapo, kwa kuusifu mji uliolilinda jina lake. Ila ukweli una upande mwingine, nao unaniuma. Jina la mji limedumu. Majina ya watu wake yanapotea.

Waliokufa kwa kipindupindu mwaka 1994 walizikwa kwa mashine katika mashimo ya pamoja. Nani ana orodha yao? Waliofunikwa na lava mwaka 1977 na 2002 tunawahesabu kwa makadirio, na makadirio yenyewe yanatofautiana. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia katika kata, Umoja wa Mataifa ulikadiria siku chache baadaye kwamba watu wasiopungua 2,900 walikuwa wameuawa. Hospitali zilijaa, vyumba vya maiti vikakosa umeme, na wengi wakazikwa kwa haraka bila kutambuliwa. Wiki hizohizo kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zilivunjwa, na malaki ya watu waliokuwa wamekimbia vijiji vyao wakatawanyika tena, pamoja na kumbukumbu za nani alizaliwa kambini na nani alizikwa kando yake.

Tunazijua tarehe zote. Tunajua jeshi gani liliingia siku gani, gavana gani alimfuata yupi, lava ilifika wapi. Magazeti ya dunia yameyaandika hayo, na vitabu vya historia vitayarudia. Lakini muulize mtu wa Katoyi awataje marehemu wa avenyu yake kwa miaka 30 iliyopita, utakuta anataja watatu, wanne, kisha anasema: na wengine wengi. Hao wengine wengi ndio mji wenyewe. Ndio waliopasua mawe, ndio waliosukuma chukudu, ndio waliolifanya jina Goma litamkike kila asubuhi bila kuogopa. Kama tuliweza kuikumbuka mipaka ya parseli chini ya lava, tunaweza kuwakumbuka waliokaa ndani yake.

Sidai sanamu wala mnara. Watawala wa kesho, wawe ni nani, watakuja na mapendekezo yao: pengine barabara ipewe jina la kamanda, uwanja upewe jina la tarehe, mzunguko wa magari upewe jina la mfadhili. Historia ya maziwa yetu mawili imetuonyesha mwisho wa majina yanayoletwa hivyo. Jina lililoletwa na nguvu huondoka nguvu inapoondoka, na katikati ya hapo hakuna anayelipenda.

Ninachoomba kinaweza kuanza bila kibali cha mtu. Kila mkuu wa nyumba kumi analijua eneo lake kuliko meya. Kila parokia ina daftari la ubatizo na la mazishi; kila msikiti una wazee wanaokumbuka nani aliswaliwa lini. Kila shule ina orodha za wanafunzi, na walimu wanajua ni nani waliacha kuja baada ya Januari ipi. Familia zina picha, zina kadi za kupigia kura, zina barua. Tuchukue daftari la kawaida, avenyu kwa avenyu, tuandike: jina kamili, mahali alipozaliwa, kazi aliyofanya, siku aliyotutoka kama inajulikana. Tuandike pia majina ya mahali kama motari anavyoyataja, pamoja na sababu yake, kabla wazee wanaoijua hawajaondoka. Nakala moja ibaki kwa mwenye avenyu, nyingine iwekwe kanisani au msikitini, nyingine itumwe nje ya mji kwa ndugu walioko Kampala, Nairobi au Brussels, ili moto mmoja usiziteketeze zote.

Wewe msomaji wa Goma, uliyeko kwenye kata yako au uliyeko mbali, anza na nyumba yenu na nyumba mbili za jirani. Andika majina yao.